Mkwaju na okidi ya porini kwenye kiwanja cha Dodoma: uanze na kipi, na upande vipi

Anayemaliza kujenga Ihumwa, Nzuguni au Iyumbu, rangi haijakauka vizuri ukutani, tayari ameanza kuulizia vitu viwili: kivuli na ua. Kivuli, kwa sababu saa nane mchana mwezi wa Oktoba uwanja usio na mti haukaliki. Ua, kwa sababu macho yamechoka vumbi jekundu. Basi hupita kwa wauza miche, akapakia kwenye bajaji kila kilichomvutia, akapanda vyote Jumamosi moja, na ikifika Septemba inayofuata amebaki na viriba vitupu, ile mifuko ya miche, na vijiti.

Hapa nalinganisha mimea miwili iliyopishana kabisa kwa tabia. Wa kwanza ni mkwaju, mti anaoujua kila mtu kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni. Wa pili ni okidi ya porini inayoota juu ya miti, yenye mashina manene yaliyosimama kama vipande vya muwa na maua ya njano yenye madoa ya kahawia. Kwa madoa hayo huitwa okidi chui. Jina lake la kitaalamu ni Ansellia africana, kwa kumbukumbu ya John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeikuta mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho siku hizi ni Bioko. Sisi tunayo katika mapori yetu wenyewe, wala haikuja na meli.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aondoke nalo: Dodoma anza na mti. Okidi ifuate miaka kadhaa baadaye, tena ikae juu ya mti huohuo. Mwenye mti mkubwa tayari uwanjani, uwe mkwaju, mwembe au mwarobaini, ameshatangulia na anaweza kurukia sehemu ya okidi moja kwa moja.

Hali yetu ya hewa ndiyo inayoamua

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Humohumo ndani ya msimu, mara nyingi Februari, hutokea wiki za jua kali zinazokausha hata mahindi yaliyokuwa yanapendeza. Kuanzia Mei hadi Novemba usitegemee kitu kutoka mbinguni. Juni mpaka Agosti usiku ni wa baridi na mchana kuna upepo mkavu wa mashariki na kusini-mashariki, ambao hukausha majani kuliko jua lenyewe. Watu wengi huhesabu jua na kusahau upepo.

Mkwaju umeumbwa kwa hali hiyo. Una mzizi mkuu unaozama chini sana, vijani vidogo vidogo visivyopoteza maji ovyo, na matawi yanayopinda bila kukatika. Ukishakamata ardhi hauhitaji mtu. Okidi chui nayo imezoea kiangazi, maana yale mashina yake manene ni akiba ya maji, lakini uvumilivu huo ni wa okidi iliyokwisha kushika gome. Iliyofungwa juzi haina mizizi ya kunywea, na hapo ndipo hufa mikononi mwa watu.

Tuangalie hesabu ya maji, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Mche wa mkwaju katika kiangazi chake cha kwanza unataka ndoo moja ya lita 20 kwa wiki. Mei hadi Novemba ni kama wiki 30, kwa hiyo andaa lita 600 kwa mti mmoja. Okidi moja ukiipa lita moja mara mbili kwa wiki, katika wiki hizohizo 30 haizidi lita 60. Ukisoma namba peke yake utasema okidi ni rahisi mara kumi. Lakini mkwaju hauulizi maji yametoka wapi wala umeumwagia saa ngapi, na ukisafiri wiki mbili kwenda msibani utaukuta. Okidi changa inataka maji yasiyo na chumvi, asubuhi, kwa kiasi, na mtu wa kuitazama ajue leo inywe au isinywe. Mkwaju unataka maji. Okidi inataka mtu. Jiulize una kipi zaidi nyumbani kwako.

Na malipo yao yanatofautiana. Mkwaju wa mbegu unaweza kukaa miaka saba au zaidi kabla ya kutoa ukwaju, ila kivuli cha kuweka mkeka unakipata mapema kuliko hapo, na mti wenyewe unaweza kuwazika wajukuu. Okidi hukupa maua wiki chache kwa mwaka, na siku nyingine zote ni majani tu. Anayetaka rangi mwaka mzima apande bogenivilia, asiisumbue okidi.

Hatua ya 1: Zunguka kiwanja kabla ya kununua chochote

Nenda uwanjani asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Ona kivuli cha nyumba kinapolala, upepo unapopitia, na maji ya mvua yanapoelekea. Mkwaju uliokomaa ni mti mkubwa, unaweza kupita mita 20, na mwavuli wake ni mpana. Uweke angalau mita 8 hadi 10 kutoka ukutani, mbali na karo la maji taka, na kamwe usiwe chini ya nyaya za umeme. Ukiuweka upande wa magharibi wa nyumba utakukinga na jua la alasiri, lile linalochoma ukuta mpaka usiku chumba kinabaki na joto.

Kiwanja kikiwa kidogo na nyumba imekwisha kukimaliza, usilazimishe. Panda mkunazi au mkomamanga, yote miwili inavumilia ukame na haitakuletea ugomvi na jirani. Okidi hukaa kwenye mkunazi uliokomaa pia, ila miiba itakufundisha adabu kila ukienda kuinyeshea.

Kisha pima udongo. Chimba kishimo cha kina cha sentimita 40, kijaze maji, yaache yanywee, ujaze tena. Maji ya pili yakikauka ndani ya saa chache, hapo panafaa. Yakilala mpaka kesho yake, uko kwenye mfinyanzi mweusi wa mbuga au kuna tabaka gumu chini, na mche utakaa na miguu ndani ya maji Januari nzima. Mkwaju hauogopi kiu lakini haupendi maji yaliyotuama.

Hatua ya 2: Shimo lichimbwe kabla ya mvua

Chimba Oktoba au Novemba mwanzoni. Najua ardhi wakati huo ni ngumu. Waingereza walioleta mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walikuta udongo ukikaukiwa unakuwa kama saruji na kuwavunjia majembe ya matrekta. Mradi wenyewe ukaachwa mwaka 1951, mvua nayo ikiwa imewaangusha. Wewe una shimo moja tu. Mwaga ndoo mbili za maji jioni, acha yanywee usiku, asubuhi chimba kwa sululu. Rudia siku inayofuata.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto, visichanganyike. Ukifika chini, chukua mtaimbo upige sakafu ya shimo mpaka ipasuke, sentimita 20 nyingine zaidi. Wachimbaji wa kulipwa huipuuza kazi hiyo kwa sababu haionekani kwa macho, kwa hiyo simama hapohapo. Mzizi mkuu wa mkwaju ukigonga tabaka gumu hujikunja, na mti utadumaa miaka mitatu huku wewe ukiilaumu mbolea.

Rudisha ule udongo wa juu uliouchanganya na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ya ng'ombe huchoma mizizi na kuita mchwa. Acha shimo lipokee mvua za kwanza, udongo ushuke wenyewe.

Hatua ya 3: Mche

Ukitaka kuotesha mwenyewe, anza Agosti ili upande Desemba. Mbegu za mkwaju unazo jikoni: ukishaloweka ukwaju wa juisi, zile kokwa za kahawia zinazong'aa usizitupe. Zioshe, zikune kidogo upande mmoja kwa msasa au kwenye sakafu ya saruji mpaka ile ng'aro itoke, kisha ziloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu. Zilizovimba zipande sentimita moja na nusu chini ya udongo, kwenye viriba virefu. Huanza kuchomoza baada ya kama wiki moja, nyingine huchelewa. Mbegu za mkwaju hutunzika muda mrefu, tofauti na za mwarobaini ambazo uhai wake hupotea baada ya wiki chache tangu kuanguka. Anayekuuzia mbegu za mwarobaini za mwaka jana anakuuzia kuni.

Ukinunua mche, angalia chini kabla ya kuangalia juu. Kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara niliyasikia mazungumzo haya, kati ya mama mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam na mzee mwenye miche.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Nataka mkwaju, lakini mkubwa. Huu hapa, umenipita hata mimi.”

Mzee hakujibu. Aliushika ule mche mrefu akauvuta, kiriba hakikunyanyuka. Akavuta tena kwa nguvu, ukasikika mkatiko chini, na kiriba kilipotoka kilikuwa kimening'iniza mzizi uliokatika, mnene kama kidole, mweupe pale ulipokatikia.

“Mzizi wake ulishaondoka zamani, umezama ardhini,” alisema. “Nikikuuzia huu, unabeba majani tu. Chukua huyu mfupi, mwanangu, miaka mitatu atakuwa amempita yule mrefu.”

Mama alichukua wafupi wawili. Mche mzuri una urefu wa sentimita 30 hadi 50, shina moja lililonyooka, na kiriba chake kikiinuliwa hakibaki na kitu ardhini.

Hatua ya 4: Kupanda

Subiri mvua mbili au tatu za maana, udongo uwe umelowa kufikia kiwiko cha mkono. Usidanganywe na manyunyu ya Novemba. Kwa mvua za kawaida siku hiyo huangukia Desemba, na mti unaopandwa Desemba una miezi minne ya kujenga mizizi. Wa Machi una wiki chache tu kabla ya kiangazi.

Panda jioni. Nyeshea kiriba kwanza, kichane kwa wembe ubavuni, kitoe bila kuvunja bonge. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ikae usawa uleule uliokuwa kwenye kiriba. Shindilia kwa mikono, sio kwa kisigino. Tengeneza kisahani cha upana wa mita moja, katikati pakiwa chini kidogo kuliko pembeni, na upande wa mteremko inua tuta la nusu mwezi. Mvua ya dakika ishirini inayopita uwanjani mbio itasimama hapo.

Mwaga matandazo ya nyasi kavu au mabua ya mtama, unene wa vidole vinne, lakini yaache mbali na shina kiganja kizima. Matandazo yaliyogusa shina ni njia ya mchwa.

Hatua ya 5: Mbuzi, mchwa na kiangazi cha kwanza

Mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake ni msemo wa mahali ambako mbuzi hufungwa. Huku kwetu, mavuno yakishaingia nyumbani mifugo huachiwa itembee mashambani, na kijani chochote kinachoonekana Julai kinaliwa. Kama bado huna ukuta, zungushia mche matawi ya miiba ya mgunga, mazito, yaliyoelekeza vitako ndani na miiba nje, kufikia usawa wa kifua. Ushahidi wa nguvu ya hatua hii uko Kondoa. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulifika mahali ukaona matuta na miche havitoshi, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililokuwa limemomonyoka sana. Nyasi na miti vikarudi, sehemu kubwa bila kupandwa na mtu.

Mchwa hupenda mche wenye kiu. Ukiona udongo umepanda juu ya shina, ukwangue, weka majivu ya jikoni kuzunguka, na ongeza maji. Majani ya mwarobaini yaliyotandazwa kwenye kisahani husaidia pia, ila hakuna kitu kinachowashinda mchwa kama mti wenye nguvu zake.

Maji: ndoo moja kwa wiki, yote kwa mara moja, polepole. Vikombe viwili kila jioni ni kuufundisha mzizi ukae juu. Ukitaka kuokoa maji, fukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi sentimita 30 kutoka kwenye shina, ujaze na uufunike. Maji yatapenya yenyewe. Maji ya kufulia na kuogea yanafaa kwa mkwaju, mradi yasiwe na sabuni nyingi wala dawa ya kung'arisha nguo. Kiangazi cha pili punguza, ndoo moja kila wiki mbili. Cha tatu, uache.

Mwaka 2017, Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, na tangu hapo miche mingi imegawiwa mjini. Siku ya kupanda watu huwa wengi na kofia zimevaliwa. Mti unamtaka yule atakayekuja na ndoo Agosti, siku ambayo hakuna kamera.

Kupogoa ni kazi ndogo. Mwaka wa kwanza na wa pili acha shina moja liongoze, ondoa linaloshindana nalo. Matawi ya chini yakate taratibu mpaka mtu mzima apite bila kuinama. Fanya hivyo kiangazi, kwa msumeno mkali.

Hatua ya 6: Kuipata okidi bila kuiba porini

Mkwaju wako ukishakuwa na shina nene la kuzidi paja na gome limeanza kupasukapasuka, okidi inaweza kuja. Gome la mkwaju linafaa kwa sababu ni korofi na halibanduki kwa vipande vikubwa, hivyo mizizi hupata pa kung'ang'ania. Majani yake madogo huchuja jua kwa namna okidi inavyopenda: mwanga mwingi, lakini uliokatwakatwa. Mpera haufai sana, gome lake hubanduka na kuondoka na mgeni.

Usiende kung'oa porini. Okidi haianzishwi kirahisi kama mchicha: mbegu zake ni vumbi tupu, hazina chakula cha akiba, na porini zinaota pale tu zinapokutana na kuvu wa aina yake wa kuzilisha. Tunda moja hubeba mbegu maelfu kwa maelfu, zinazofika utu uzima ni chache mno, na bonge kubwa unaloliona juu ya mbuyu limechukua miaka mingi. Okidi chui imeshaingia kwenye orodha ya kimataifa ya mimea iliyo hatarini. Kuondoa mmea kwenye hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kuvusha okidi mpakani kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Zile zinazoota ardhini kwenye miombo, zinazochomoza na mvua kisha kupotea, hizo ziache kabisa. Uhai wake umefungamana na kuvu wa udongo wa palepale, na ukihamisha kiazi huhamishi udongo wote. Nyanda za Juu Kusini viazi vyake vimechimbwa sana kwa biashara ya chakula kinachoitwa chikanda kule Zambia, na kulinda maua hayo ni sehemu ya sababu za kuanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005.

Njia safi ni kupata kipande kutoka kwa mtu aliyegawa okidi yake mwenyewe, au kwa mkulima wa maua anayezalisha. Anayeuza ukimuuliza ameitoa wapi akaanza kutazama pembeni, na mizizi ina vipande vya gome la mti mwingine, rudisha pesa mfukoni. Mti ukiangushwa kihalali kwa ajili ya shamba au barabara na okidi ikawa juu yake, ofisi ya kijiji na ya misitu ndiyo pa kuombea ruhusa ya kuiokoa.

Na zile zenye maua bapa ya zambarau au meupe kwenye vyungu vya madukani? Asili yake ni Asia, kwenye misitu yenye unyevu. Zinaishi vizuri sebuleni, Dodoma nje hazifiki Agosti.

Hatua ya 7: Kuifunga kwenye mti

Wakati ni mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, unapoona ncha za mizizi mipya, za kijani na laini. Okidi ikifungwa wakati huo, mvua inamaliza kazi.

Chagua upande wa mashariki wa shina au panda ya tawi, usawa wa macho yako, mahali panapopata jua la asubuhi lakini upepo umezuiwa na nyumba au ukuta. Kata mizizi iliyooza, ile myeusi inayobonyea. Weka kitanda chembamba cha makumbi ya nazi, kaza mmea juu yake kwa kamba ya katani au vipande vya soksi ndefu za nailoni. Usitumie waya, utakata shina mti unaponenepa. Mmea usicheze hata kidogo: ukitikisika, ncha za mizizi zinasuguliwa na kufa. Usipake udongo, usifukie mashina, usiweke samadi. Kamba itatoka baada ya mwaka, mizizi ikishashika.

Ikishakua utaona mizizi myembamba iliyosimama kuelekea juu mithili ya sindano kuzunguka mashina. Wengi huikata wakidhani imekauka. Hiyo ni mitego: inadaka majani makavu yanayoanguka, yanaoza hapohapo, na okidi inajilisha. Vijani vya mkwaju vinadondoka humo bila wewe kufanya lolote.

Ambaye mti wake bado mdogo anaweza kuiweka okidi kwenye kikapu cha mbao chini ya baraza, kikijazwa vipande vikubwa vya mkaa na makumbi, bila udongo. Itasubiri.

Hatua ya 8: Maji ya okidi

Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Chai huyasema, na birika lenye ukoko mweupe huyasema zaidi. Mkwaju utayavumilia, mizizi ya okidi huungua taratibu. Kwa hiyo okidi inywe maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 550, linapitisha lita 27,500 kwa mwaka. Toa moja ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki 22,000. Okidi kumi hazifikishi robo ya tangi la lita 5,000 kwa kiangazi kizima. Mfereji mmoja wa bati na pipa lenye mfuniko vinatosha kuanzia, na mfuniko ni lazima kwa ajili ya mbu.

Kiasi gani, lini? Usifuate kalenda, soma mizizi. Mzizi wa okidi umevikwa ganda la kunyonya maji ambalo likikauka huwa jeupe lenye wingu la fedha. Ukiupulizia maji, ndani ya muda mfupi unageuka kijani mbele ya macho yako. Mzizi ukiwa bado kijani asubuhi, usinyeshee. Ukiwa mweupe tangu jana, nyeshea. Mvua zinaponyesha huna kazi. Juni hadi Agosti, baridi ikiwepo, iliyokwisha kushika mti ipumzishwe, ipate maji kila siku kumi au zaidi. Septemba hadi Novemba hewa inapokauka kabisa, rudi mara mbili kwa wiki. Daima asubuhi, ili mmea usilale umelowa.

Mbolea: ile ya kuyeyusha ya mboga, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara mbili kwa mwezi wakati wa mvua tu. Ikikosekana, iache.

Majani yakiwa kijani kizito na hakuna ua mwaka hadi mwaka, kivuli kimezidi. Punguza tawi moja au mawili ya mkwaju. Yakiwa ya njano yenye mabaka ya kuungua, jua limezidi. Mashina yakinyauka na kukunjamana ni kiu. Yakilainika na kuwa meusi kuanzia chini, maji yamezidi au kamba imekaa na unyevu. Kata mpaka kwenye nyama safi kwa kisu kilichopitishwa motoni, paka majivu makavu, usinyeshee wiki mbili. Wadudu magamba, vile vidoa vya kahawia visivyosogea chini ya majani, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya mche.

Ukiamua kuigawa, ngoja bonge liwe na mashina nane au zaidi, na ufanye hivyo Novemba. Kila kipande kibaki na mashina yasiyopungua manne, angalau moja likiwa jipya. Kipande cha shina moja hupona kwa nadra na huchukua miaka bila ua, kwa hiyo jirani akikuomba “kakipande kadogo tu,” mwambie asubiri Novemba akapewe cha kueleweka.